Kustaafia Morogoro jirani na chuo, tujenge au tuache?

KONA YA WASTAAFU: Mnauliza, Mzee anajibu

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Mimi ni nesi hapa Dar, nina miaka 58, mume wangu keshastaafu mwaka juzi. Dar imetuchosha jamani, joto, foleni, kila kitu mbali. Tumeoneshwa kiwanja Morogoro upande wa Mafiga, karibu na chuo cha SUA, dalali anasema pale ukijenga hulali njaa maana wanafunzi hawakosekani, kwa hiyo plani ni nyumba yetu mbele na vyumba sita vya kupangisha nyuma. Mtoto wetu aliyeko Marekani anasema huko wastaafu wanaikimbilia miji ya vyuo, tusisite. Mume wangu ndo anasita, anasema hataki kuzeekea kwenye sabufa za watoto wa watu. Nani yuko sahihi hapo? (Nesi wa Tabata)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na mpe pole shemeji maana naona kwenye hiyo nyumba kura ni mbili kwa moja. Mimi nakujibu kama mtu aliyeshapita hapo hapo mnapotaka kupita. Nilistaafu 2016 nikaja Moro nikajenga hatua chache toka geti la chuo, chuo gani sitaji, nyumba mbele na vyumba vinne vya wanafunzi nyuma, na hesabu niliyopigiwa ilikuwa hiyo hiyo ya dalali wenu, yaani hawa madalali sijui wanakaa kikao.

Kwanza mji wenyewe hamjakosea. Tangu treni ya SGR ianze Juni 2024 Dar imekuwa kama jirani, nauli ilianza 13,000 na safari haifiki masaa mawili, unashukia Kihonda, kwa hiyo hata kama shemeji ana kliniki Muhimbili anaenda asubuhi na usiku anakula kwake. Mboga pale soko la Chifu Kingalu zimeshuka toka Mgeta, karoti bado ina udongo. Na chuo kina faida zake ambazo dalali hawezi kuwaambia kwa sababu hazina kamisheni. SUA ni chuo cha kilimo, kuku wako wakianza kusinzia unambeba mmoja kwenye boksi unampeleka hospitali yao ya wanyama, ukitaka miche ya matunda unapata, ukitaka mtu wa kukuelekeza mbolea yupo, mimi nimejifunza kupanda parachichi nikiwa na miaka 64. Jioni tunaenda kutembea Mazimbu, ile kampasi iliyokuwa shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini, ANC waliikabidhi kwa serikali yetu 1992, miti mikubwa, barabara tulivu, na makaburi ya wenzao waliofia hapa bado yapo. Halafu wapo panya buku wanaofundishwa pale SUA kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, wajukuu wangu wakija likizo hawana habari na katuni.

Sasa tuje getini.

Shemeji anaogopa sabufa, mimi namwambia sabufa utaizoea, na wale watoto mwenye nyumba akigonga mlango mara moja wanapunguza. Kilichonimaliza mimi ni luku, umeme wa kulipia kabla. Vyumba vinne mita moja ya umeme, tumekubaliana kuchanga, kumbe kila chumba kina hita ya kuchovya kwenye ndoo, pasi, na jiko la umeme limesukumwa chini ya kitanda, uniti ninazoweka Jumatatu Alhamisi nyumba giza, ukiwauliza kila mmoja anakujibu kwa adabu kabisa "mzee mimi nachaji simu tu". Kwa hiyo ukijenga kila chumba na mita yake, usibane hela hapo. Maji nayo, mji huu unategemea sana bwawa la Mindu, kiangazi kikikaza ni mgao, na watoto wanane wakifua Jumamosi tangi la lita elfu mbili unaliona linakauka hivi hivi.

Ila hayo yote ni usumbufu tu, mtu unaishi nayo. Jambo lenyewe ni kalenda, na hili dalali hasemi.

Mke wangu ana sukari. Usiku mmoja mwezi wa pili, chuo kimejaa, sukari ikamshuka saa nane usiku, akawa anaongea vitu havieleweki, jasho. Nilifungua mlango nikapiga kelele moja tu, wakatoka vijana watano, mmoja kaptula mmoja shuka kiunoni, mmoja akakimbilia barabarani akarudi na bajaji, wawili wakambeba, msichana wa chumba cha tatu akamkorogea sukari kwenye kikombe akawa anamnywesha taratibu huku anamwita "mama, mama, meza". Tulipofika hospitali keshafungua macho. Nikasema hapa ndo nyumbani, hawa ndo wanangu.

Mwezi wa tisa ikatokea tena. Chuo kimefungwa, wameenda kwao. Nikapiga kelele ile ile, jibu nililopata ni mbwa. Nikatoka na tochi, nyumba ya kulia hosteli tupu, ya kushoto hosteli tupu, mwenye nayo anakaa Dar, ya mbele kuna mlinzi amelala mpaka nikamrushia kokoto kwenye bati. Bajaji nilimpata baada ya nusu saa. Mke wangu alipona, Mungu mkubwa, lakini pale barabarani nikaelewa kwamba nilikuwa nimejenga mahali pasipo na majirani. Wale vijana hata ukiwapenda vipi miaka mitatu wameondoka, na wanaomiliki nyumba hawaishi hapo. Mtaa mzima ulikuwa hauna hata chama cha kuzikana. Jiulize mtu wa miaka 75 anakufa Agosti kwenye mtaa kama ule, nani anapiga turubai?

Kwa hiyo hivi ndo namjibu mtoto wenu wa Marekani: hajadanganya, ila kule wanachohamia siyo geti la chuo. Kuna kijiji cha wastaafu Massachusetts kinaitwa Lasell Village, kipo ndani ya eneo la chuo chenyewe, kina watu wa kuwahudumia, na sharti la kukaa pale ni kujifunza au kushiriki shughuli zisizopungua masaa 450 kwa mwaka. Yaani mzee amewekwa kwenye ratiba ya chuo, siku akikosekana kuna anayemuulizia. Huku kwetu mzee akinunua kiwanja karibu na chuo, chuo hakina habari naye.

Na hela. Mdogo wangu wewe bado hujashika mafao yako, tulia. Mkupuo wa mtumishi wa umma baada ya kelele zote za kikokotoo, ile hesabu ya kugawa mafao, umepanda toka asilimia 33 kuwa 40 mwaka 2024, nafuu ipo, lakini siyo ile 50 tuliyoizoea sisi wa zamani, sasa ukiuzika wote kwenye vyumba sita halafu vikakaa tupu toka Agosti mpaka Oktoba utaumia. Mimi Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa korona vikafunguliwa Juni mosi, vyumba vyangu vimefungwa kufuli, magodoro na madaftari ya watu ndani, siwezi kumpangisha mwingine na siwezi kumdai mtoto aliyeko kwao Kigoma anachunga mbuzi. Miezi miwili na ushee tuliishi kwa pensheni na mayai.

Basi fanyeni hivi. Njooni wote wawili mwezi wa tisa, siyo wa kumi na moja ambao dalali anapenda kuleta watu. Lala gesti ya karibu. Saa mbili usiku simameni kwenye hicho kiwanja mhesabu taa za nyumba zinazowaka. Kesho yake nenda kwa mjumbe muulize kaya ngapi zinaishi hapo mwaka mzima na msiba wa mwisho walizika lini na nani alipika. Ukisikia anababaika tafuteni upande mwingine, Bigwa, Kilakala, hata Kihonda kwa ndani, mji ni ule ule na SUA ni bodaboda moja tu. Sisi ndo tulivyofanya, ile nyumba ya getini tumempa msimamizi, tukahamia Bigwa kwenye nyumba ya kupanga. Ndiyo, mwenye nyumba mzima ni mpangaji, wajukuu wananicheka.

Shemeji yuko sahihi kuhusu kiwanja, wewe uko sahihi kuhusu mji. Dalali msimpe hela ya usumbufu mara mbili.

SWALI: Mzee, mimi niko Dodoma, nina mafao mkononi, nataka kujenga vyumba ishirini karibu na chuo, nasikia bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, likishuka wanafunzi wanalipa muhula mzima kwa mkupuo, si bora kuliko mpangaji wa kawaida anayekukimbia kila mwezi? (Mstaafu mpya)

JIBU: Wanalipa, kweli, bumu likishuka. Likichelewa wewe nawe unachelewa, maana mtoto hana kingine. Lakini kabla ya tofali la kwanza angalia chuo chenyewe kina vitanda vingapi ndani. Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kimejengwa kwa mpango wa kubeba wanafunzi 40,000, siyo chuo cha kudandia kichwa kichwa. Na hata pasipo na vitanda leo, kesho vinaweza kuwepo: pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 2017 zilifunguliwa hosteli 20 zenye nafasi ya wanafunzi 3,840 kwa mpigo mmoja. Sasa wewe mwenye vyumba ishirini vya tofali la kuchoma utashindana vipi na serikali? Jenga sita, viwe self, viwe vya mtu yeyote, nesi, mwalimu, bodaboda, ili mwanafunzi akiondoka chumba kisiondoke naye.

SWALI: Nina miaka 63, nataka kusoma shahada ya sheria, watanicheka? (Babu wa Kilosa)

JIBU: Wiki ya kwanza watakucheka, wiki ya pili watakuomba noti. Chuo Kikuu Huria unasoma ukiwa kwako, hakuna wa kukuona umesinzia. Ada lipa kwa awamu, usimwambie mama watoto jumla yake mpaka ufaulu mwaka wa kwanza, na badilisha miwani kwanza, hiyo ya sasa nakujua unasomea vichwa vya habari tu.