Presha ya Mama Si ya Mama Peke Yake

Mipango mingi ya kubadili mtindo wa maisha huvunjika kwa sababu huandaliwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja, ilhali chumvi na mafuta vinavyomdhuru hupikwa kwenye sufuria ya watu wote. Naandika haya nikiwa naishi na mama mwenye shinikizo la damu, babu aliyevuka miaka 80 na watoto wa shule, na ushauri wangu ni kwamba mpango wa moyo uwe wa nyumba nzima, kisha kila rika lipewe sehemu yake.

Sababu iko kwenye mishipa yenyewe. Mwaka 1953 madaktari wa Marekani waliripoti kwamba wengi wa wanajeshi waliowachunguza baada ya kuuawa katika vita vya Korea, wastani wa umri wao ukiwa takriban miaka 22, tayari walikuwa na dalili za ugonjwa katika mishipa inayolisha moyo. Umri unaposonga mishipa hukakamaa, ndiyo maana kwa wazee namba ya juu ya presha hupanda huku ya chini ikibaki palepale au hata kushuka.

Mfano ninaoupenda unatoka Karelia Kaskazini, mashariki mwa Ufini, ambako tangu mwaka 1972 daktari Pekka Puska na wenzake waliacha kumwandama mgonjwa mmoja mmoja, wakashughulika na siagi, chumvi na sigara za jamii nzima, wakishirikiana na vyama vya akina mama na watengenezaji wa vyakula. Katika miongo iliyofuata, vifo vya ugonjwa wa moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Kwetu tulianzia kwenye chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, ikiwamo iliyomo kwenye mkate, ng'onda na vile vidonge vya kuungia mchuzi. Kopo la chumvi likaondoka mezani. Maharage yakaungwa kwa kitunguu saumu, tangawizi na nazi, na ndimu ikakamuliwa chakula kikishaiva. Punguzeni kidogokidogo kwa wiki kadhaa, maana ulimi huzoea, na mkipunguza kwa ghafla mtasikia manung'uniko ya kila aina (kwangu aliyelalamika zaidi si mgonjwa, ni kaka yangu). Zile chumvi mbadala zenye potasiamu zisinunuliwe kabla ya kumuuliza daktari, hasa kwa mwenye matatizo ya figo.

Mazoezi ndiyo ya kugawa kwa rika. Watoto wanahitaji angalau dakika 60 kila siku, na mpira au kamba vinatosha. Mtu mzima alenge dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi inayomruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Mzee aongeze mazoezi ya kujiweka sawa, kama kusimama kwa mguu mmoja huku ameshika kiti, na anapoamka aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, kwa kuwa presha yake inaweza kushuka ghafla anaposimama, hasa akiwa anatumia dawa.

Mkipima presha nyumbani, mpimwaji atulie dakika 5, aegemee kiti, asikunje miguu, mkono uwe usawa wa moyo, na asizungumze. Mama yangu akihadithia habari za msibani namba hupanda. Vipimo viandikwe kwenye daftari lipelekwe kliniki, wala dawa zisiachwe eti kwa kuwa namba zimekuwa nzuri, maana huenda ni dawa hizohizo zinazozishikilia. Na siku kipimo kikiwa mezani, vijana nao wavae kile kitambaa mkononi, kwa kuwa presha ya juu mara nyingi haina dalili.