Kifaa cha daktari wa Star Trek
Kaka, umeuliza kama kile kifaa cha daktari wa Star Trek, tamthilia ya Marekani ya safari za anga za juu, anachompitishia mgonjwa na kuujua ugonjwa papo hapo, kitakuja kuwepo kweli. Kwa sehemu kipo. Tamthilia ilianza 1966. Leo kuna ultrasaundi ya kushika mkononi, unaichomeka kwenye simu na kumwona mtoto tumboni. Lakini huku kwetu Tanga kinachonigusa zaidi ni kipimo cha haraka cha malaria: tone la damu, dakika 15 hadi 20, ukiona mistari miwili unayo. Hakihitaji darubini wala umeme! Bibi zetu wangekilia. Na ile mashine nyingine ya daktari huyo, ya kupiga dawa bila sindano, ni ya zamani: za aina hiyo zilichanja watu dhidi ya ndui miaka ya 1960.