Ua la elfu mbili na mia tano, kumbe ni la mpaka

Jana usiku dada mmoja wa huku Nakuru alinitumia picha inboksi, ua lake lina majani marefu kama ya mahindi na ncha zote zimekauka kama zimepitishiwa moto, anauliza hii ni nini na mbona inakufa. Nilicheka peke yangu manake hiyo picha ningeipiga mimi kwangu mwezi wa tatu.

Langu nililinunua kando ya barabara, elfu mbili na mia tano, na hata sikuomba kupunguziwa. Muuzaji aliniambia ni mti wa bahati, jina lingine hana. Baada ya muda bahati ikaanza kukauka. Nikaongeza maji, ikazidi. Nikaupiga picha na Google Lens ikaniambia ni mmea wa mahindi, nikafunga simu na hasira, kwani mimi mtu wa Kakamega sijui mahindi? Shemeji yangu naye alikuja akatangaza mbele ya wageni ati nina mkono mbaya, hata sukuma wiki haiwezi kunimea. Hiyo maneno sijaisahau, na najua anasoma hapa.

Aliyeujua ni mama. Alikuja Aprili, hata chai hajashika, akauliza, "Na huu wa mpaka umeuleta ndani wa nini?" Ule ule! Ule kukhu, nyanya yangu, alipanda kutenganisha shamba letu na la jirani, unaukata na panga unachipuka tena, na hakuna mtu amewahi kuumwagilia hata kikombe. Nikarudi kwa simu, nikaona simu haikukosea: Dracaena fragrans, mmea wa hapa hapa Afrika, wazungu ndio waliupa jina la mahindi sababu ya majani.

Sasa kama kule unaishi bila kuangaliwa, kwangu unauliwa na nini? Hilo nililijibiwa na keateka wetu, mzaliwa wa Nakuru, meno ya kahawia kama wengi waliokulia hapa. Aliniuliza namwagilia maji gani. Ya boholi. Akafungua mdomo wote. "Madam, kama yamenifanya hivi mimi, hayo majani je?"

Floraidi, ile madini ya majini inayotia meno kahawia. Maji ya chini huku Bonde la Ufa hupita kwa mawe ya volkano, na visima vingi vimepita ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani limeweka. Dracaena inaivuta na mizizi, inapanda nayo mpaka ncha ya jani, maji yanaenda hewani floraidi inabaki pale inachoma. Na mimi nilikuwa nayachemsha kwanza, nikidhani nayasafisha! Ukichemsha maji ndiyo yanapungua, floraidi haipungui, yaani nilikuwa naupikia supu ya sumu. Kuacha ndoo wazi usiku kunasaidia klorini ya mfereji tu.

Kwa hivyo dadangu, maji ya mvua. Nilikinga kwa mabati jerikeni nne, nikaumwagia mengi kwa mara moja mpaka yakatoka chini ya chungu, halafu nikauacha mpaka kidole kikiingia pingili mbili hakipati unyevu. Ncha zilizokauka hazirudi kijani, kata. Shina lilikuwa limebaki kama fimbo ya mzee, nikalikata na msumeno, kile kipande cha juu nacho nikakichomeka kwa udongo. Mbolea ya superfosfeti achana nayo, hiyo pia huja na floraidi. Na maji ya mvua, narudia. Shida yetu tunapenda kulipa kabla ya kuuliza jina, mtu anabeba kitu cha elfu mbili kumbe nyanya yake alikuwa anakifungia mbuzi, ulizeni wazee jamani, kiburi hakimei kwa chungu.

Wiki ya sita vikatokea vichipukizi viwili vidogo kama njegere, chini tu ya pale nilipokata. Leo jani refu limefika kiganja na nusu na ncha yake ni safi. Mama akipiga simu anauliza mpaka wangu unaendeleaje. Bei sijamwambia.