Nyanya za kichwa chini: chagua ukuta kabla ya ndoo

Wengi wanaotaka kuning'iniza nyanya kichwa chini, mche ukitokea kwenye tundu la kitako cha ndoo, wanaanza kuulizia ndoo: ya lita ngapi, itobolewe wapi. Ndoo baadaye. Kwa hapa Dar, amua kwanza utaitundika upande gani wa nyumba.

Mtindo huu ulipata umaarufu Marekani, ambako jua hupita limeinama na kuufikia mmea chini ya chombo. Kwetu, kuanzia Oktoba hadi Februari, jua la mchana liko karibu na utosi na ndoo yenyewe inautilia mche kivuli. Juni hadi Agosti jua linakuwa limehamia kaskazini, miale inaingia chini ya ndoo bila shida. Kwa hiyo tafuta baraza au ukuta unaotazama kaskazini. Miezi hiyo hiyo ndiyo ya upepo wa kusi, na nyumba itakukingia. Ndoo ikiyumba kutwa nzima, shina linasagika pale kwenye tundu mpaka linakatika.

Kipupwe kina faida nyingine: usiku ukiwa na joto kali, kama Januari, maua ya nyanya hupukutika bila kushika. Sia mbegu mwishoni mwa Aprili, uwe na miche ya kupanda masika yakiisha. Chukua aina fupi kama Cal J, au nyanya ndogo ndogo za kachumbari. Zile kubwa zinaelemea shina.

Ndoo ya lita 10 iliyokuwa na mafuta ya kula inatosha. Ya lita 20 ikijaa udongo uliolowa inapita kilo 20, na kenchi za nyumba nyingi za kupanga zimeshatafunwa na mchwa. (Mwambie mwenye nyumba kabla hujatoboa ukuta wake.) Mchanga wetu mtupu haufai, changanya udongo mweusi, samadi iliyooza na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, ukiyaloweka kwanza yatoe chumvi.

Kupanda ndiko kunakotaka utulivu. Toboa kitako cha ndoo tundu la sentimita 5, kisha iweke juu ya matofali mawili. Viringisha majani ya mche ndani ya gazeti, kama wauza karanga wanavyofunga, uyapitishe kwenye tundu kutokea ndani, mizizi ibaki juu. Kata kipande cha sponji ya godoro, kipasue hadi katikati, kishike shina. Sehemu ya shina iliyo ndani izike yote, maana shina la nyanya huota mizizi. Jaza udongo, mwagilia, acha kivulini siku chache ndipo utundike.

Baada ya hapo utaona ncha inajikunja kurudi juu. Wageni wa kazi hii huifunga vijiwe iteremke. Iache, ni asili ya shina kukua kwenda juu, na matunda yatakuja kuishusha yenyewe.

Maji ni kila asubuhi, na siku za jua kali ongeza jioni. Ukikausha siku mbili kisha ukafurisha, matunda yataoza kitako hata kama mbolea ipo. Maji ya kisima yenye chumvi yanaudhoofisha mmea. Ukiwa na ya bomba, tumia hayo. Kwenye baraza lisilo na upepo, gongagonga vishada vya maua asubuhi ili chavua idondoke.

Anayekuambia nyanya ya kichwa chini inazaa kuliko ya chini anataka kukuuzia ndoo. Unachopata ni nafasi, kuku kutofika, na kuepuka mnyauko unaokaa kwenye udongo wa uani. Kantangaze, nondo ambaye viwavi wake hula majani na matunda ya nyanya, ataruka na kukufikia huko huko juu, hivyo kagua majani na uondoe yenye mikwaruzo myeupe. Kunguru nao hawashindwi na kimo: nyanya ikianza kubadilika rangi, ichume ikaivie ndani.

Mavuno yakiisha, udongo ule usiurudishie nyanya. Panda mchicha, ndoo ikiwa imesimama kawaida.