Kwa wanaoanza semina ya uanakisti: acheni kukata hoja vipande vitatu

Wadogo zangu,

Nimemaliza kusahihisha insha za muhula huu juu ya uanakisti, yaani fikra ya kutaka jamii isiyo na dola wala mabwana. Kwa mara nyingine wengi wenu mmeandika aya ya serikali, aya ya pesa, aya ya mali, kisha hitimisho, kana kwamba ni mada tatu zilizokutana kwenye swali la mtihani kwa bahati. Kila mwaka naandika maneno yaleyale pembeni mwa karatasi. Safari hii nayaweka mahali pamoja, kwa sababu nawapenda na kwa sababu mkono umechoka.

1. Msomeni Proudhon, mwanafikra wa Kifaransa wa uanakisti, kabla ya kumnukuu. Kauli yake kwamba mali ni wizi imo katika kitabu cha 1840, na kitabu hichohicho kinatenganisha kumiliki na kushika kitu kwa kukitumia. Fundi na cherehani yake, mkulima na shamba analolilima kwa mikono yake, hao hana ugomvi nao. Ugomvi wake ni na yule anayekula pango la shamba asilowahi kulikanyaga. Mtu akiuliza tena semina kama waanakisti watamnyang'anya simu, mjibuni hivyo, tuendelee.

2. Kwenye pesa, msianze na noti. Anzeni na kodi. Na hapa hamna haja ya kwenda Ulaya, maana mfano mmezaliwa ndani yake. Rupia ya Kijerumani ilianza kutengenezwa kwa ajili ya pwani yetu mwaka 1890. Mwaka 1895 ikatoka amri iliyofanya ardhi ya koloni kuwa ya dola, isipokuwa pale mtu alipoweza kuthibitisha haki yake. Mwaka 1898 ikaja kodi ya nyumba. Mwanzoni watu waliweza kuilipa kwa mazao au kwa kazi. Baadaye wakadaiwa fedha taslimu. Sasa jiulizeni: mtu mwenye shamba, mbuzi na ghala la mtama anaitafutia nini rupia? Anaitafuta kwa sababu askari atakuja kuidai. Na kuipata ni lazima auze kitu au akafanye kazi kwenye shamba la mkonge la mzungu. Serikali, pesa na mali ni mafiga: ukiling'oa moja na kuyaacha mawili, chungu kinamwagika, na anayeungua ni mpishi. Wengi wenu mnaijua historia hii tangu sekondari, ila hamjawahi kuisoma kama hoja.

3. Hispania. Hapa mnivumilie, kwa sababu ndipo panaponiuma. Mnaandika kwamba waanakisti walishindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kwa sababu ya Franco, jenerali wa wanajeshi waasi, au kwa sababu ya wakomunisti, mnaweka nukta. Yote mawili yana ukweli wake. Lakini rudini Barcelona, Julai 1936. Wafanyakazi wa CNT, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la waanakisti, wamewashinda wanajeshi waasi mitaani. Companys, rais wa Catalonia, jimbo ambalo Barcelona ni mji wake mkuu, anawaita viongozi wao na kukiri kwamba mji uko mikononi mwao. Tramu zinapakwa rangi nyekundu na nyeusi na kurudi barabarani, zikiendeshwa na madereva, makondakta na mafundi wenyewe, bila bodi ya wakurugenzi. Viwanda vya nguo, mikahawa, hata vinyozi wanajipanga upya. Mali imechukuliwa kweli. Serikali wakaiacha kwenye kiti chake, wakiamini imebaki jina tu. Na benki hawakuishika.

Kaeni na hilo la benki, msilipite. Kamati ya kiwanda cha nguo inafika siku ya mshahara. Sehemu ya soko lake iko upande wa Franco. Pamba inatoka nje ya nchi na inataka fedha za kigeni, na fedha za kigeni ziko serikalini. Kamati inafanya nini? Inakwenda kuomba mkopo kwa serikali ileile iliyodhaniwa imekufa. Oktoba 1936 dhahabu ya Benki ya Hispania, tani zipatazo 510, inapakiwa melini Cartagena kuelekea Muungano wa Kisovieti, na CNT haina kauli. Mwezi huohuo serikali ya Catalonia inatoa amri ya kuhalalisha viwanda vya wafanyakazi, na kwa kuvihalalisha inaingiza mkono wake ndani. Novemba waanakisti wanne wanakuwa mawaziri, García Oliver akiwa Waziri wa Sheria! Mei 1937 wanapigana na polisi wa serikali kugombea jengo la simu la Barcelona. Agosti 1937 Baraza la Aragón, lililoongozwa na waanakisti katika mkoa wa jirani, linavunjwa na serikali, wanajeshi wa Líster, kamanda mkomunisti, wanaingia vijijini, na mashamba mengi yanarudishwa kwa wenyewe wa zamani. Vijiji hivyo ndivyo vilivyokuwa vimethubutu zaidi: vingine vilifuta pesa kabisa, mtu anachukua mkate na mafuta ya zeituni kwenye ghala la pamoja.

Kabla bunduki haijafika, mkopo ulishafanya nusu ya kazi. Insha isiyofika hapo siwezi kuipa alama za juu, hata ikiwa na Kiswahili kitamu.

4. Nyerere si anakisti. Azimio la Arusha la 1967 liliweka njia kuu za uchumi mikononi mwa dola. Mkitaka mfano wa nyumbani ulio karibu zaidi, someni habari za RDA, jumuiya ya vijiji vya Ruvuma (Ruvuma Development Association), na kijiji chake cha Litowa: wanakijiji waliamua wenyewe, wakalima pamoja, wakaendesha shule yao na mashine ya kusaga. TANU, chama tawala, ikaipiga marufuku RDA Septemba 1969, na mali zake zikachukuliwa. Naomba angalau mmoja wenu aandike juu ya hilo mwaka huu.

5. Msiandike "waanakisti wanaamini", kana kwamba wote walikubaliana juu ya pesa. Kropotkin, Mrusi, alitaka ujira ufutwe wote. Josiah Warren, Mmarekani, alifungua duka mjini Cincinnati mwaka 1827 na kuweka saa ukutani: bidhaa unalipa kwa gharama yake, na dakika za muuzaji unazilipa kwa hati ya kuahidi kazi yako ya muda uleule. Proudhon alitaka mikopo isiyo na riba, akaanzisha Benki ya Umma mwaka 1849. Aliivunja kabla haijaanza kukopesha, kwa sababu alikuwa amehukumiwa kifungo kwa makala za kumshambulia rais, Louis-Napoléon.