Kope linalovimba baada ya kupenga kamasi: kwa madaktari tarajali

Kiangazi kikishika Dodoma na upepo ukianza kuinua vumbi, watu hupiga chafya kutwa nzima, na ndipo mtakapokutana na mgonjwa ambaye mimi nilimkosea katika mwezi wangu wa pili wa kazi. Alikuwa kijana aliyepigwa kiwiko kando ya jicho akicheza mpira jioni, akarudi nyumbani bila shida kubwa, kisha akapenga kamasi usiku na jicho likafumba papo hapo. Niliandika "mzio" na nilikuwa nimeanza kumwandikia dawa, hadi sista wa zamu aliponiambia, "Daktari, hebu weka kidole hapa." Nilipobonyeza kope la juu, nilihisi chembechembe zikilia chini ya ngozi, kama chumvi kavu ndani ya mfuko wa nailoni.

Ile ilikuwa hewa. Ukuta wa ndani wa tundu la jicho, unaopakana na mashimo ya hewa ya pua, ni mwembamba kama karatasi, na jina lake la Kilatini, lamina papyracea, linasema hivyo hivyo. Ukipata ufa, msukumo wa kupenga au wa chafya hupitisha hewa hadi kwenye tishu zinazolizunguka jicho. Mzio huwasha, lakini haulii chini ya kidole.

CT scan ndiyo huonyesha vizuri hewa na mfupa uliovunjika, ila kabla ya kuiagiza pima uwezo wa kuona wa kila jicho peke yake, hata kama itabidi ulifunue kope kwa upole, kisha mulika mboni zote mbili kwa zamu. Mara chache hewa hunaswa ikakosa pa kutokea, jicho likatokeza na kuwa gumu, maumivu yakazidi na kuona kukafifia. Hapo usisubiri picha, kwa sababu shinikizo hilo linaweza kuikata damu inayolisha neva ya jicho. Mwite daktari wa macho usiku huo huo, kwani huenda kona ya nje ya kope ikahitaji kukatwa ili jicho lipate nafasi.

Wengi hawafiki huko. Hewa hunywewa na mwili ndani ya siku chache hadi wiki mbili hivi, mradi mgonjwa asipenge kamasi, asipande ndege mpaka aruhusiwe, na chafya ikimjia aipige akiwa ameachama. Usiridhike akiitikia "nimeelewa", mwambie akuonyeshe.

Yule kijana alikuwa akiona vizuri kwa macho yote mawili. Aliporudi siku ya nane kope lilikuwa limenywea, na lalamiko lake lilikuwa moja tu, kwamba wenzake wanamcheka anavyopiga chafya.