Saratani ya Ukoo: Nani Apimwe Kwanza?

Swali: Shangazi zangu wawili, dada zake baba, waliugua saratani: mkubwa ya titi, mdogo ya ovari (vifuko vya mayai ya uzazi). Mkubwa ameshafariki. Upande wa mama wote ni wazima. Nyumbani husemwa kwamba ugonjwa wa titi hurithiwa kwa mama, basi nisiwe na hofu. Nina miaka 29. Je, nikapimwe jeni? — *Msomaji, Nyalenda, Kisumu*

Jibu: Pole kwa kumpoteza shangazi, dada. Hayo ya nyumbani si kweli. Jeni za BRCA1 na BRCA2, ambazo zikiwa na hitilafu huleta saratani hizi mbili katika ukoo mmoja, zimo katika kromosomu ya 17 na ya 13, si katika kromosomu za jinsia. Baba huzipitisha sawa na mama, na kila mtoto, wa kike kwa wa kiume, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi hitilafu. Baba yako anaweza kuwa nayo na asiugue kamwe, ijapokuwa ya BRCA2 humwongezea hatari ya saratani ya tezi dume.

Lakini usianze wewe. Aanze shangazi mdogo, kwa sababu yeye ameugua. Ukipimwa wewe ukakutwa huna kitu, hatutajua kama umeponea au kama ukoo wenu una hitilafu ambayo kipimo hicho hakiitafuti. Yeye akikutwa nayo, maabara huiandika kwa herufi na nambari zake kamili. Itunzeni ripoti hiyo: nyinyi wengine mtatafutiwa hiyo moja tu, na gharama hupungua.

Kabla ya kumwona daktari, chora ukoo wa vizazi vitatu. Andika umri ambao ugonjwa uligunduliwa, si umri wa kufa. Wengi hukosea hapo. Wala usiandike “uvimbe wa tumbo” ukaishia hapo. Watu huita hivyo saratani ya ovari, ya ini na ya utumbo, na si zote huelekeza kwenye jeni zile zile. Uliza kama kuna ripoti ya patholojia (ya maabara iliyochunguza kinyama cha uvimbe) iliyobaki kwenye faili za familia.

Jibu linalosumbua zaidi ni lile la “hitilafu ambayo maana yake haijajulikana”. Waafrika hulipata mara nyingi zaidi kwa kuwa kumbukumbu za kulinganishia zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Asitolewe mtu titi wala ovari kwa jibu hilo. Maabara iulizwe tena baada ya mwaka au miwili.

Hitilafu yenye madhara ikithibitika, hatari ni kubwa kweli: kufikia miaka 80, wanawake wapatao 72 kati ya 100 wenye ile ya BRCA1 hupata saratani ya titi, na 44 ya ovari. Kwa BRCA2 ni 69 na 17. Kwa umri wako ungeanza MRI ya matiti (picha za sumaku) kila mwaka, mamogramu (eksirei ya matiti) kuanzia miaka 30, na ovari na mirija ya uzazi kutolewa kati ya miaka 35 na 40 ikiwa ni BRCA1, baada ya kupata watoto unaowataka. Shangazi naye angefaidika: dawa kama olaparib hufanya kazi vizuri zaidi kwa uvimbe wenye hitilafu hizi.

Swali: Baba anameza capecitabine kwa saratani ya utumbo mpana. Siku ya sita mdomo umejaa vidonda na anaharisha mara nane kwa siku. Jirani yake wodini alimeza hiyo hiyo bila shida. Avumilie? — *Msomaji, Njoro, Nakuru*

Jibu: Asivumilie. Asimeze kidonge kingine, na afike hospitali leo hii, hata kama hana homa. Apimwe seli nyeupe na figo, maana figo dhaifu pia hulimbikiza dawa hii.

Mwilini capecitabine hugeuka kuwa fluorouracil, na zaidi ya asilimia 80 ya hiyo huvunjwa na kimeng’enya cha DPD, hasa kwenye ini. Mwenye hitilafu katika jeni ya DPYD huivunja polepole, basi kipimo cha kawaida kwake huwa sumu. Kabla ya kurudia dawa, omba kipimo cha jeni hiyo, na daktari aandike kwenye fomu kwamba hitilafu iitwayo c.557A>G nayo itafutwe. Hiyo huonekana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika, na kipimo cha hitilafu nne kinachotumika sana Ulaya hakiigusi. Baba anaweza kuambiwa yuko sawa kumbe sivyo. Nakala moja ya jeni hiyo ikiwa mbovu, dawa kwa kawaida huanzia nusu. Zikiwa mbovu kabisa zote mbili, itafutwe dawa nyingine.

Swali: Mwanangu wa kiume, miaka 6, ana uvimbe wa Burkitt tayani. Kwa nini wanampima G6PD? — *Mzazi, Bondo*

Jibu: G6PD ni kimeng’enya kinacholinda seli nyekundu za damu. Uvimbe wa Burkitt, saratani ya limfu inayokua kasi, huyeyuka haraka dawa zikianza, na asidi ya yuriki inayomwagika huziba figo. Dawa iitwayo rasburicase huiondoa asidi hiyo, lakini kwa mtoto mwenye upungufu wa G6PD hupasua seli nyekundu za damu. Upungufu huo ni wa kawaida kandokando ya Ziwa Viktoria, kwani hudhaniwa kumkinga mtu kwa kiasi dhidi ya malaria. Akiwa nao, hupewa maji mengi ya mshipa na allopurinol, dawa inayopunguza utengenezaji wa asidi ya yuriki. Kama aliongezewa damu majuzi, mwambieni daktari kabla ya kipimo: damu ya mtu mwingine huweza kuuficha upungufu wake.